Pilipili kabla ya hotuba

Kadi ya mwaliko ilitaja saa nne asubuhi. Kwa kuwa mimi ni mzoefu wa karamu zetu, nilifika saa tano na nusu, nikakuta mahema mawili yamekwisha kusimikwa katika uwanja wa shule, viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, na kijana mmoja anakigonga kipaza sauti kwa kidole huku akihesabu, "Moja, mbili. Moja, mbili." Nyuma ya madarasa moshi ulikuwa ukifuka. Harufu ya pilau ilitujia kila upepo ulipogeuka, ikatuahidi mengi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Desemba, katika shule moja ya msingi huko Cheptais, Kaunti ya Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ule ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa upande wa Uganda huuita Masaba. Mwalimu mkuu alikuwa anastaafu. Walikuwapo wazazi, wanafunzi wa zamani, wachungaji, machifu na walimu wa shule jirani, Wasabaoti kwa Wabukusu, wameketi pamoja bila kuchaguana viti. Asiyeijua historia ya eneo hilo ataliona jambo hili kuwa dogo. Aliyekuwapo kati ya mwaka 2006 na 2008, wakati mapigano yaliyotokana na mizozo ya ardhi yalipowafukuza maelfu ya watu makwao, anajua kwamba kuketi chini ya hema moja hadi jua kuchwa si jambo la kawaida hata kidogo.

Kando yangu aliketi mzee mmoja aliyekuwa amestaafu zamani, mwalimu wa hesabu wa kizazi cha chaki na fimbo, koti lake la rangi ya majivu limepigwa pasi hadi likang'aa viwikoni. Tulizungumza habari za mvua, mahindi na mishahara. Saa saba ikapita. Mgeni wa heshima hakuwa amefika, na bila yeye hotuba hazingeweza kuanza, na bila hotuba chakula hakingeweza kupakuliwa. Saa nane akafika. Akakaribishwa na mtu aliyekuwa amekaribishwa na mtu mwingine, ambaye naye alikuwa amekaribishwa na mfawidhi. Kila aliyesimama alianza kwa kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja.

Saa nane u nusu yule mzee aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, hapa hakuna hata kipande cha mkate?"

Nami, kwa adabu zile tulizofundishwa za kutoonyesha njaa mbele za watu, nikamjibu, "Vumilia kidogo tu, Mzee. Wamebaki wawili."

Walikuwa wamebaki tisa.

Nilipogeuka tena kumtazama, jasho lilikuwa likimtiririka usoni ilhali siku ilikuwa ya baridi. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Nilimsemesha, akanijibu maneno yasiyofuatana. Mwalimu wa sayansi, mama wa makamo aliyekuwa safu ya nyuma yetu, alitambua mara moja. Alimpokonya mtoto wa mtu chupa ya soda, akamnywesha mzee polepole, kidogo kidogo, huku akimshika bega. Kipaza sauti hakikunyamaza. Baada ya kama robo saa mzee alirudiwa na fahamu zake, akajifuta uso, akatutazama kwa haya kana kwamba ni yeye aliyekosa. Kumbe alikuwa na kisukari. Asubuhi alikuwa amemeza vidonge vyake vya kushusha sukari kwa kikombe cha chai, akijua kwamba kufikia adhuhuri atakuwa amekula. "Ninyi ndio mlioandika saa nne," alisema.

Sikulala vizuri usiku ule. Neno lililonikera si kuchelewa kwa mgeni wa heshima, kwa maana hilo tumelizoea. Lililonikera ni jibu langu. Mtu aliniomba kipande cha mkate, nikampa nasaha.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji, desturi hii ya kumfungisha mgeni bila kumtangazia funga ilitoka wapi? Wengi hudhani ni mila. Siamini. Katika nyumba za Wasabaoti na Wakalenjin wengine, mgeni akiingia huletewa maziwa ya kibuyuni kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Kwa Wabukusu kuku hukimbizwa uani mgeni akingali anasalimiwa, na huku akisubiri huletewa chai au viazi vitamu. Pwani nako, kahawa chungu na tende au haluwa hutangulia maneno yote. Wazee wetu, wa milimani na wa pwani, walijua kwamba tumbo tupu halisikilizi. Huu mpango wa kukificha chakula hadi hotuba ziishe tumeubuni sisi wenyewe, na sababu yake naijua kwa kuwa nimewahi kuketi katika kamati za karamu: tunaogopa kwamba watu wakishiba watatawanyika na msemaji ahutubie viti. Ati chakula kimefanywa rehani ya masikio!

Na wanaoumia zaidi si watu wazima tulio na subira ya kujikaza. Watoto ndio huimba na kukariri mashairi juani, kisha wakapakuliwa mwisho. Wamo kina mama wanaonyonyesha. Wamo wenye vidonda vya tumbo, na wamo wenye kisukari kama yule mzee, ambao idadi yao katika vijiji vyetu si ndogo tena.

Mwaka uliofuata nilialikwa shuleni hapo kwa mara ya pili, kwa sherehe ya kuwapongeza wanafunzi. Nilipofika, jambo la kwanza kuona lilikuwa sinia. Yule mwalimu wa sayansi alikuwa ameiendea kamati, akaomba vitu viwili: nusu saa kabla ya hotuba ya kwanza, na ruhusa ya kutumia wanafunzi sita, wavulana watatu na wasichana watatu. Alikuwa amepewa vyote, nadhani kwa sababu ya haya ya mwaka uliotangulia. Katika sinia mlikuwa na pilipili.

Ndiyo, pilipili. Zilikuwa zimepasuliwa katikati kwa urefu, zimetolewa vya ndani, zimejazwa mchanganyiko wa viazi na jibini, kisha zikaokwa hadi ngozi yake ikanywea na juu pakawa na rangi ya dhahabu. Minong'ono ilizuka papo hapo. Mzee mmoja wa baraza alitaka kujua ni nani mwenye akili timamu anayempa mwenye njaa pilipili. Rafiki yangu wa koti la majivu, ambaye safari hii alikuwa ameketi mbele kabisa, aliinua moja kwa vidole viwili, akaichunguza kama anayesahihisha daftari, akauliza, "Mwalimu, hii imechomwa, au ndiyo itakayonichoma?"

"Yote mawili, Mzee," alijibu yule mama. "Lakini ya pili ni kidogo."

Mzee akala. Akanyamaza. Akachukua ya pili.

Nilipomwomba mwalimu anionyeshe namna zilivyotengenezwa, alinialika niende jikoni wiki iliyofuata, nami sikukataa. Niliyoyaona nayaeleza hapa kwa kirefu, maana naamini mwalimu yeyote na mwanafunzi yeyote anaweza kuyafanya. Lakini kwanza niseme machache kuhusu jina.

Huko mijini wenye hoteli huviita vyakula hivi vidogo vya kutangulizia "baitingi," neno lililochongwa kutokana na Kiingereza ingawa Waingereza wenyewe hawalijui. Kiswahili kina vitafunio, ila hivyo ni vya kutafunwa pamoja na chai. Mimi nachagua kionjo, kwa sababu mgeni huonja kabla ya kula. Walimu wenzangu wa Kiswahili watanisahihisha wakiona vyema.

Jina pilipili lenyewe lina kisa chake. Lilitujia kutoka Bara Hindi kupitia Uajemi na Uarabuni, likiwa jina la kiungo kingine kabisa: ile punje nyeusi tunayoiita pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni. Pilipili yenye kuwasha ilikuwa bado ng'ambo ya bahari, huko Meksiko na Amerika ya Kusini, ambako watu walikuwa wakiilima kwa maelfu ya miaka. Christopher Columbus alipofika visiwa vya huko mwaka 1492 akitafuta Bara Hindi, aliuonja mmea huo akaufananisha na pilipili manga, na kosa lake hilo limebaki katika lugha nyingi hadi leo. Wareno, ambao merikebu zao zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio wanaosemekana kuusambaza mmea huo katika Afrika na Asia katika karne iliyofuata. Mswahili naye alimpa mgeni huyu jina la mwenyeji wa zamani. Tena angalia: kamusi za zamani zitakuambia kwamba pilipili hoho ni ile nyekundu inayowasha, ilhali katika soko la Chwele au la Bungoma leo ukiomba hoho utapewa ile kubwa, tamu, isiyowasha hata mtoto. Mwanafunzi anayefuata mapishi ya zamani bila kuuliza anaweza kuwalisha wageni wake moto.

Kujaza pilipili pia si jambo geni duniani. Wameksiko wana mapishi yao mashuhuri ya pilipili zilizojazwa nyama au jibini. Wahindi waliofanya biashara Zanzibar, Mombasa, Kisumu hadi Kitale huzipasua pilipili ndefu za kijani, wakazijaza unga wa dengu uliotiwa viungo, wakazikaanga. Alichokifanya mwalimu wa Cheptais ni kuzijaza vitu vinavyopatikana hapo hapo mlimani, yaani viazi, maziwa na vitunguu, na kuzioka badala ya kuzikaanga, kwa vile mafuta ni ghali.

Sasa tuingie jikoni.

Alianza na kuchagua. Pilipili za kujaza hazina budi kuwa nene za nyama, urefu wa kidole, ngozi ngumu isiyokunjamana. Vile vipilipili vidogo vinavyoitwa kichaa havifai, kwa sababu havina nafasi ya kujazwa na ukali wake ni wa kumkimbiza mtu karamuni. Alitumia ishirini, akazipasua kwa urefu zikawa nusu arubaini. Kabla ya kushika kisu aliwavisha wanafunzi mifuko safi ya plastiki mikononi, akaifunga kwa uzi vifundoni, akawaambia, "Wanangu, atakayejigusa jicho leo atanikumbuka hadi kesho kutwa." Mmoja hakusikia. Alijifuta jasho kwa mkono uliofungwa mfuko uleule, akalia kwa dakika kumi huku wenzake wakimmwagia maji. Nilitaka kumhurumia, ila nilikuwa na shughuli ya kukohoa.

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba ukali wa pilipili umo katika mbegu. La hasha. Umo katika ule utando mweupe unaozishikilia mbegu, na mbegu huwasha tu kwa sababu zimegusana nao. Ukiukwangua utando wote kwa kijiko kidogo, pilipili hupoteza sehemu kubwa ya makali yake na kubaki na harufu na utamu. Ukiuacha kidogo, makali hubaki kidogo. Basi mpishi ana uwezo wa kuamua. Tanuri halitamsaidia katika hilo, kwa kuwa moto wa kuoka hauondoi ukali wa pilipili, ila hulainisha nyama yake.

Kitu chenyewe kinachowasha huitwa kapsaisini. Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kuupima ukali huo kwa kuuzimua kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasiuhisi tena. Ndiyo sababu vipimo vya pilipili hadi leo vina jina lake. Hoho tamu ina sufuri. Ile pilipili nene ya Meksiko iitwayo jalapeño ina kati ya 2,500 na 8,000. Ile yenye umbo la taa, ambayo watu wa pwani huiita mbuzi, ni ya jamii ambayo hufika 100,000 na kuendelea.

Ajabu ni kwamba pilipili haichomi kitu. Ulimi haupati jeraha la moto. Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi kilicho katika neva zetu ambacho kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba joto limepita kiasi, kama nyuzi 43 hivi. Kapsaisini hukifungua kipokezi hichohicho bila joto lolote. Ubongo hupata habari za moto usiokuwapo, ukaamuru jasho na machozi. Kwa ugunduzi huo Julius alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege nao wana kipokezi cha aina yake, ila hakiitikii kapsaisini, na ndiyo maana kuku wa Cheptais wanadonoa pilipili nyekundu shambani kana kwamba ni mahindi, kisha wanaenda zao. Sijui somo gani la sayansi lingeweza kufundishwa kwa furaha kuliko hilo, tena bila maabara.

Ujazo ulikuwa hivi. Nusu kilo ya viazi ilichemshwa na maganda yake, ikamenywa na kupondwa ikiwa bado moto. Lita moja ya maziwa ilitiwa sufuriani hadi ikaanza kuchemka, ikaondolewa motoni, na maji ya ndimu mbili yakamiminwa kidogo kidogo huku maziwa yakikorogwa pole pole. Watoto walisogea kutazama, maana hapo ndipo maziwa yalipokatika: mabonge meupe juu, maji ya rangi ya manjano mbivu chini. Mabonge yalichujwa kwa kitambaa safi, yakakamuliwa na kuning'inizwa. Hilo ni jibini, msomaji, jibini halisi, na halikununuliwa dukani. Yale maji hayakumwagwa, yalikandia chapati. Viazi, jibini, vitunguu viwili vilivyokatwakatwa na kukaangwa hadi vikalainika, fungu dogo la dhania, chumvi, na mwisho yai moja la kushikamanisha. Kila nusu ya pilipili ilijazwa kijiko kimoja cha mezani, juu ikanyunyiziwa chembe za mkate wa jana.

Jibini halikutiwa kwa anasa. Kapsaisini haiyeyuki katika maji, na ndiyo sababu anayewashwa akinywa maji huwa ni kama anayeeneza moto. Huyeyuka katika mafuta, na protini ya maziwa huikamata na kuiondoa ulimini. Kwa hiyo pilipili iliyojazwa jibini imebeba dawa yake tumboni mwake. Na kama makali yakizidi, lipo bado lile buyu la maziwa ya Wasabaoti. Kwa mantiki hiyohiyo, mikono iliyoshika pilipili hupakwa kwanza mafuta ya kupikia, ndipo ikaoshwa kwa sabuni.

Ilipofika zamu ya kuoka nilitazama huku na huku nikitafuta tanuri. Hapakuwa na tanuri. Palikuwa na jiko la makaa, sufuria kubwa nzito, na mchanga mkavu. Mchanga ulitandazwa ndani ya sufuria kiasi cha vidole viwili, vijiwe vitatu vikawekwa juu yake, sufuria ikafunikwa na kuachwa ipate moto kwa robo saa. Bati lenye pilipili liliwekwa juu ya vijiwe. Kifuniko bapa kikarudishwa, na juu ya kifuniko yakapangwa makaa mekundu. Watu wa pwani wanaijua kazi hii tangu enzi za mababu: ndiyo kupalia makaa, moto chini na moto juu, ambavyo mkate wa kumimina huiva. Siri ni kuufanya moto wa juu uzidi ule wa chini, la sivyo chini kutaungua kabla ya juu kubadilika rangi. Makaa yakipungua huongezwa magunzi ya mahindi yaliyokwisha shika moto, ambayo Bungoma na Trans Nzoia hayakosekani, ila huzimika upesi na humtaka mtu asiondoke. Baada ya dakika kama 25 zilikuwa tayari. Mwenye tanuri la umeme au la gesi ataliweka nyuzi 190 hadi 200 na atatumia muda huohuo.

Kazi hii, nasisitiza, ilifanywa nje, chini ya paa lisilo na kuta. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na imekwisha kuua watu wengi katika nchi hii waliodhani wanaota moto tu. Mwalimu huyu hakuwaruhusu wanafunzi wake kulisogeza jiko ndani hata manyunyu yalipoanza.

Nilimweleza hoja zilizokuwa zimezuka hemani, nami naziona za haki. Yupo asiyeweza kula pilipili kabisa kwa sababu ya tumbo lake. Wapo watoto. Alinijibu kwamba ndiyo maana sinia zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa na vipande vya hoho tamu vilivyojazwa ujazo uleule, kila kimoja kikiwa na jani la dhania juu, na wanafunzi waliokuwa wakiandaa walifundishwa kumwambia kila mgeni waziwazi kabla hajanyoosha mkono: yenye jani haiwashi. Jambo hili dogo lilinipendeza kuliko mapishi yenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anasimama mbele ya chifu, anasema kwa sauti, "Shikamoo, Mzee. Hii inawasha, hii haiwashi," na chifu anachagua yenye jani bila aibu.

Kuhusu wenye kisukari alikuwa mkali. Kionjo si dawa, alisema. Mtu ambaye sukari imekwisha kumshuka, mwenye jasho na kitetemeshi, ahitaji kwanza kitu kitamu cha kunywa maadamu anaweza kumeza, kisha chakula. Na akizimia asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Kazi ya kionjo ni kuzuia tusifike huko. Viazi vilivyomo ndani ya nusu mbili tatu za pilipili si chakula cha kushibisha, ila humshikilia mtu hadi sahani ifike. Tena visiachwe mezani kutwa nzima. Vyenye maziwa na yai ndani huharibika katika joto, na saa mbili zikipita ni vya kutupa. Basi alivijaza asubuhi, akavihifadhi mahali pa baridi, akavioka wageni wakiwa wanaingia.

Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipoitaja Sayansi Kimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo hilo lilikuwamo katika shule za msingi, na wengi wetu, hata wavulana, tulijifunza ndani yake kushona kifungo na kupika uji usio na madonge. Baadaye mzigo wa masomo ukapunguzwa na somo likatupwa nje ya mtihani. Na katika nchi hii lisilotahiniwa halifundishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika shule zote mwaka 2019, umeyarudisha mapishi darasani. Mimi si mmoja wa wanaousifu mtaala huo kwa kila jambo. Nimewaona wazazi wakitumwa usiku kununua vifaa vya somo la asubuhi, na nimewaona watoto wakirudi na alama za kazi iliyofanywa na mama zao. Lakini wale wanafunzi sita walipasua, wakakwangua, wakachuja, wakapima muda, wakagawanya ujazo mmoja kwa vijiko arubaini bila kijiko kubaki wala kupungua. Aliyejifuta jicho atalijibu swali la kapsaisini hadi uzeeni.

Narudi kwenye hema. Hotuba siku ile zilianza saa sita kamili, watu wakiwa bado wanapangusa vidole. Hakuna aliyeondoka. Hofu yetu sisi wanakamati, kwamba aliyeonja atakwenda nyumbani, haikutimia. Aliyeonja alibaki ili aone kitakachofuata. Mgeni wa heshima alichelewa vilevile, tena kwa saa nzima, lakini hakumkuta mtu aliyenuna. Watoto waliimba kwa sauti niliyoisikia mifupani. Na yule mzee wa koti la majivu, aliyepewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya wastaafu, alisema kweli machache. Alisimama, hakumtaja mheshimiwa hata mmoja, akawashukuru wapishi sita kwa majina yao, akaketi. Alipoketi nilimwona akizikunja nusu mbili katika karatasi ya shashi na kuzitia mfukoni.

"Za njiani, Mzee?" nilimuuliza.

"Za mke wangu," alisema. "Hataamini nikimwambia kwa mdomo."

Mwaliko wa mwaka huu umekwisha kunifikia. Kadi imeandikwa: saa nne, vionjo, saa tano, hotuba. Chini yake mwalimu wa sayansi ameongeza kwa kalamu kwamba nije na lita tatu za maziwa na ndimu sita, na kwamba, kwa kuwa nimeijua njia ya jikoni, nisipitie hemani kwanza.